Maswali ya Wasomaji: Kuficha Nywila Ndani ya Programu

SWALI: Mhariri, ninaandika kwa lugha ya C programu ya hesabu za maduka, ambayo wateja huisakinisha kwenye kompyuta zao wenyewe. Ndani yake nimeweka nywila ya hifadhidata iliyo kwenye seva yangu, pamoja na ufunguo wa huduma ya kutuma ujumbe mfupi. Rafiki yangu ameisoma nywila hiyo bila taabu, ingawa sikumpa msimbo wangu. Imewezekanaje, na niifiche vipi isipatikane kabisa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kompaila hugeuza amri zako kuwa lugha ya mashine, lakini maneno uliyoyaweka ndani ya alama za nukuu huyaacha yalivyo, kwa kuwa programu itayahitaji hivyohivyo wakati wa kufanya kazi. Katika Linux iko amri iitwayo strings, ambayo hupekua faili na kutoa kila mfululizo wa herufi nne au zaidi zinazosomeka, na rafiki yako hakuhitaji zaidi ya hiyo.

Wengi hukimbilia XOR, yaani hesabu ya kuchanganya kila baiti ya neno (kila herufi huchukua baiti moja) na baiti ya ufunguo, ambao ni namba ya siri unayoichagua. Ukirudia kwa ufunguo uleule, neno la awali linarudi. Chukua neno "siri" na ufunguo 0x22 (0x huonyesha namba iliyoandikwa kwa mfumo wa kumi na sita): utapata "QKPK". Tazama jinsi K inavyojirudia palepale i ilipojirudia. Ufunguo wa baiti moja una thamani 256 tu, ambazo kompyuta huzimaliza kufumba na kufumbua. Tena, katika C kila neno hufungwa kwa baiti ya sifuri, na ukiichanganya nayo, inageuka kuwa ufunguo wenyewe, umekaa wazi mwishoni mwa neno.

Nimeutumia ufunguo huo kwa sababu ndio wa Mirai, programu hasidi iliyovamia kamera na ruta mwaka 2016. Katika msimbo wake umeandikwa kwa baiti nne, 0xDEADBEEF, lakini kila herufi hupitishwa kwenye baiti zote nne kwa zamu, na matokeo yake ni yaleyale ya baiti moja, 0x22.

Hata usimbaji imara, yaani njia madhubuti ya kufumba data kama AES, hautakuokoa hapa, kwani ufunguo wa kufumbua nao lazima uwemo ndani ya programu, na nywila lazima ikae wazi kwenye kumbukumbu ya kompyuta inapotumika. Mwaka 2007 ufunguo wa AACS, mfumo uliolinda filamu za HD DVD na Blu-ray, ulipatikana kwa kupekua kumbukumbu ya namna hiyo. Kuficha kunafaa pale unapotaka tu kumchelewesha mdadisi, kwa mfano kufumba majibu ya mchezo. Nywila ya hifadhidata yenye hesabu za watu ni jambo jingine, na sikushauri hata kidogo uiache humo.

Weka nywila na ufunguo wa ujumbe kwenye seva yako peke yake. Kila duka liwe na akaunti yake ya kuingilia, ambayo mwenye duka huijaza mwenyewe na wewe unaweza kuifunga wakati wowote. Programu itume ombi, seva ihakikishe anayeomba, kisha seva ndiyo iguse hifadhidata na kutuma ujumbe. Toleo jipya likishawafikia wateja, badilisha nywila na ufunguo bila kukawia, maana nakala za zamani bado zinavyo, kisha pitia rekodi za seva za walioingia na orodha ya ujumbe uliotumwa uone kama kuna usiyemtambua aliyekwisha kuvitumia.