Jibu: Taa ya AdBlue inawaka, lori halina nguvu

Pole sana kaka. Umesema tanki la AdBlue (maji ya urea yanayopulizwa kwenye ekzosi ya dizeli kupunguza gesi chafu) limejaa, ila taa inawaka na lori linajikokota toka Usagara mpaka Igoma. Usikimbilie kununua pampu. Mimi ni fundi hapa Mwanza, na mara nyingi nakuta shida ipo kwenye nozeli inayopuliza AdBlue au maji yenyewe ya AdBlue.

Ekzosi ikipoa, fungua nozeli. Ukiona unga mweupe umeganda kama chumvi, hiyo ni urea iliyokauka. Loweka kwa maji ya moto yaliyo safi, usikwangue kwa bisibisi. Halafu mkumbushe dereva: akizima injini asubiri dakika kadhaa kabla ya kukata betri, maana pampu huwa inarudisha maji tankini. Akiwahi kukata, yanagandia humo humo.

Maji ya AdBlue yapimwe kwa refraktomita (kifaa cha kupima ukali wa mchanganyiko), urea iwe asilimia 32.5. Dumu lililokaa juani muda mrefu usiliamini. Na nakuomba sana, usikoroge urea ya mbolea wala kuongeza maji ya bomba au ya ziwa; uchafu na madini yake vinaua katalisti (kifaa cha kwenye ekzosi kinachosafisha moshi), na bei yake inaumiza.

Vyote vikiwa sawa, ndipo upime sensa za NOx (gesi chafu za nitrojeni kwenye moshi) kwa mashine ya kusoma hitilafu.