Duka kwanza, kampuni baadaye: kwa anayeanza kazi ya masoko mitandaoni

Wengi wanaoanza kazi hii wanamjua Gary Vaynerchuk, mfanyabiashara Mmarekani anayefundisha masoko ya mitandaoni, lakini yule wa jukwaani tu: maneno ya kasi, video kila siku, rafu ya vitabu nyuma yake. Wanaiga hapo. Wanafungua kampuni ya masoko wiki ya kwanza, wanaweka "CEO" kwenye wasifu, kisha wanashangaa simu haiiti.

Hebu tazama alivyopita. Alizaliwa Babruysk, Belarus, mwaka 1975, akahamia Marekani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa na duka la pombe Springfield, New Jersey, na kijana akakulia humo akiuza na kujifunza mvinyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akalipeleka duka mtandaoni kwa jina la Wine Library, akatumia barua pepe kwa wateja na, kuanzia miaka ya 2000, matangazo ya Google yalipokuwa bado ya bei nafuu. Februari 2006 akaanza kipindi chake cha video cha kuonja mvinyo. Kampuni yake ya masoko, VaynerMedia, aliyoianzisha na mdogo wake AJ, ilikuja 2009, na kitabu chake cha kwanza cha biashara kikatoka mwaka huohuo. Kwa hiyo kabla hajamwuzia mtu ushauri, alikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kuuza chupa halisi kwa watu halisi.

Wewe huna duka la baba? Tafuta la mtu. Saluni, spea za pikipiki, mitumba ya watoto, chochote ambacho bidhaa yake unaweza kuishika na mwenyewe anakubali ukae kaunta. Omba miezi mitatu, na usianze na kamera. Anza na daftari lenye safu tano: tarehe, mteja alituona wapi, aliuliza nini, alinunua kwa kiasi gani, na kama hakununua, kwa nini. Safu ya mwisho ndiyo yenye mali. Ukiona "alidhani ni mbali" mara nyingi, posti inayofuata ni ramani na nauli ya bodaboda, wala si picha nyingine ya bidhaa.

Hata kile kipindi cha mvinyo cha Gary kilijibu maswali ya kaunta hivyohivyo: hii chupa ina ladha gani, inastahili bei yake? Alionja, akatema kwenye ndoo, na chupa mbaya akaisema kuwa mbaya hata kama ilikuwa inauzwa dukani kwake. Hapo ndipo watu walipomwamini.

Kuhusu "bei njoo inboksi": acha. Mteja anauliza maduka matatu kwa mpigo, na wa kwanza kumjibu ndiye anayeuza. Bei ikitegemea saizi, andika "kuanzia" na utaje saizi hiyo.

Matangazo ya kulipia yanakula pesa za wanaoanza kwa njia mbili. Moja ni kubusti posti, yaani kuilipia papo hapo ili iwafikie wengi, kwa sababu imependwa. Kitufe kile cha haraka mara nyingi huleta watu wa kupenda tu. Ingia kwenye Ads Manager, sehemu ya kusimamia matangazo ya Meta (kampuni yenye Facebook na Instagram), chagua lengo la "Engagement", kisha ujumbe, elekeza WhatsApp. Pili ni kubadilisha tangazo kila asubuhi. Mfumo wa Meta unahitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki ili ujue nani wa kumwonyesha, na kila badiliko kubwa linaurudisha mwanzo. Kwa bajeti ndogo huwezi kupata mauzo 50, lakini jumbe 50 zinawezekana.

Halafu piga hesabu. Umetumia shilingi 60,000, zimekuja jumbe 40, wamenunua 6. Kila mnunuzi amekugharimu 10,000. Faida kwa kila kipande ikiwa 8,000, tangazo limekula 2,000 kwa kila mauzo, hata likiwa na "like" elfu moja. Litakuwa na maana tu kama wateja hao wanarudi, na ndiyo sababu ya kuhifadhi namba zao. Orodha moja ya kutuma ujumbe kwa wengi ("broadcast list") kwenye WhatsApp Business hupokea hadi watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyeihifadhi namba ya duka kwenye simu yake. Mwombe aihifadhi pale anapolipa, akiwa bado na simu mkononi.

Ukishakuwa na rekodi ya duka moja, ndipo uende kwa mteja wa pili. Namba za wateja wa duka la kwanza zibaki hukohuko; kuzihamisha bila idhini yao ni kuvunja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Tanzania, na ile ya 2019 kwa Kenya. Ukurasa na akaunti ya matangazo vifunguliwe kwa jina la mteja, wewe uongezwe kama mshirika. Usichukue nywila. Siku mkikosana, au simu yako ikiibwa Ubungo, hilo litawaokoa wote wawili. Pesa ya matangazo itoke kwenye kadi yake, tofauti na ada yako, na nusu ya ada ilipwe kabla. Andikianeni idadi ya posti, marekebisho yasiyozidi mawili, na nani anajibu jumbe baada ya saa kumi na mbili jioni. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo huleta ugomvi. Usiahidi mauzo: stoo si yako.

Na kitabu chako, kama unakitaka kama Gary, kinakuja chenyewe kama daftari lipo. Chagua maswali 30 yaliyojirudia, kila moja lijibiwe kwa maneno 900 hivi. Hayo ni maneno 27,000, kama kurasa 108 za A5. Ukiongeza kurasa za mwanzo (jina la kitabu, yaliyomo) unafika 112, ambazo ni mara saba ya 16, na wachapaji wengi hukunja karatasi moja kubwa ikatoa kurasa 16. ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, kwa Tanzania huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Chapa nakala 100 kwanza. Na usijaze picha za vitufe vya Instagram, kwa kuwa programu hubadilika na kitabu kitaonekana kizee kabla hujamaliza kukiuza. Eleza kitufe kinafanya nini, msomaji atakitafuta mwenyewe.