Nondo 185 Ambazo Hazikuwahi Kuibiwa

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye maduka matatu ya vifaa vya ujenzi jijini Mbeya aliniandikia akiuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilihangaika nalo mwaka 2022: je, alipe ada ya kila mwezi kwa mfumo wa kuendeshea biashara unaokaa kwenye seva za kampuni nyingine, au aendelee na kompyuta yake ya dukani na kaunta buku? Ameshapewa bei, ameshaoneshwa chati za kupendeza, na mkataba unasubiri sahihi yake. Nilimjibu kwamba alipe, lakini si wiki hii. Maelezo yake ndiyo haya, na kwa kuwa yananihusu zaidi mimi kuliko yeye, naomba anivumilie.

Nina duka Gerezani, Kariakoo, na matawi Mbagala na Kibaha. Nilichokuwa nakitafuta ndicho anachokitafuta kila mfanyabiashara anayekua: kukaa mahali pamoja na kuona mauzo, stoo, madeni ya mafundi na hesabu za VAT bila kuzunguka na madaftari kwapani. Mifumo ya aina hii ni mingi, ikiwemo Odoo ya Ubelgiji na Zoho ya India, na utaratibu wake unafanana na wa kupanga nyumba. Kwa kawaida unalipia kwa idadi ya watumiaji, wenye mfumo wanatunza seva na nakala za akiba, nawe unaingia kwa nywila yako popote penye intaneti. Mimi nililipia watumiaji 20 kwa mwaka mzima, kwa dola, ilhali waliowahi kuufungua hawakuzidi 7. Hilo sitalisemea sana, kwa sababu fedha niliyoipoteza pale nimeshairudisha.

Kilichoniuma ni nondo. Kiwanda hutuuzia nondo kwa tani, nasi humuuzia fundi kwa kipande. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja haifiki hata vipande 94. Kijana aliyekuja kutufungia mfumo aliniuliza tani moja ina vipande vingapi, nami nilikuwa kwenye simu nikibishana na mteja bei ya saruji, nikamwambia aweke 100. Tangu siku hiyo, kila lori la tani 10 lilipoingia, mfumo uliandika vipande 1,000 wakati vilivyoshushwa ni kama 938. Tulipohesabu mali baada ya kupokea tani 30, kompyuta ilidai kwamba nondo 185 hazionekani.

Mtunza stoo wetu alikuwa mzee aliyeanza kazi enzi za marehemu baba. Nilimwita ofisini, nikamgeuzia kioo cha kompyuta. Alivaa miwani yake, akaitazama ile namba nyekundu kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, hizo nondo hazijawahi kushuka hapa." Nikamjibu kwamba kompyuta haina sababu ya kusema uongo. Alilifungua daftari lake na kulisogeza mbele yangu, lakini sikulitazama, kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga marufuku madaftari na niliona kulisoma ni kurudi nyuma. Nilipotaja kumkata mshahara hakubishana. Asubuhi yake funguo za stoo nilizikuta kwa mlinzi, zimefungwa pamoja kwa waya wa kufungia nondo.

Aliyemrithi, kijana mwenye stashahada ya ugavi, alipoteza nondo 62 katika lori lake la kwanza. Ndipo nilipochukua kikokotoo, na baada ya kikokotoo nikalichukua lile daftari, ambalo mzee alikuwa ameliacha mezani kwangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa kwa kalamu ya wino: "mm 12, tani = 93, mara nyingine 94." Chini yake kulikuwa na mm 10, na mm 16, na idadi ya misumari katika kilo moja kwa kila kipimo.

Nisingependa dada yangu wa Mbeya adhani kwamba mfumo ni mbaya. Leo nahesabu stoo tatu kwa siku moja, jambo lililokuwa likinichukua wiki nzima, na ikifika tarehe 20 ya kupeleka ritani ya VAT sina tena homa. Nasema hivyo kwa kujivuna kidogo. Lakini kabla ya kusaini, safisha kwanza orodha ya bidhaa zako. Kama bati moja la geji 28 lina majina manne katika maduka matatu, mfumo utayapokea yote manne na kukufungulia stoo nne za kufikirika. Uliza pia kama ankara inayotoka kwenye mfumo inakwenda moja kwa moja kwenye mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, maana isipokwenda, mhudumu wako ataandika kila mauzo mara mbili, na jioni hesabu hizo mbili hazitalingana. Uliza siku ukihama utaondoka na data zako zote kwa muundo gani. Na safisha orodha. Narudia, kwa sababu najua utairuka kama nilivyoiruka mimi.

Jambo jingine ni mtandao. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Tanzania nzima na kwa jirani zetu. Jumatatu yake duka lilijaa mafundi, mfumo uko Ulaya haufunguki, na hapakuwa na hata kaunta buku moja, kwa amri yangu mwenyewe. Tuliandika mauzo nyuma ya maboksi ya misumari. Sasa kila tawi lina daftari, na kila Ijumaa tunachapisha orodha ya stoo.

Ndugu zangu tunaopenda kuitwa wafanyabiashara wa kisasa, tuwaweke watunza stoo wetu kwenye kiti karibu na mtaalamu anayetufungia mfumo tangu siku ya kwanza, na sisi wenye duka tuzime simu. Mzee wa watu nilimfuata hadi kwake Rufiji kumwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, akachinja kuku, akasema yamekwisha. Kurudi kazini alikataa. Kila Idi nampigia. Tunajuliana hali, anauliza watoto, anauliza biashara, na tukifika kwenye biashara mmoja wetu hukumbuka kwamba salio linakwisha.