Muulize mjomba kuhusu soksi

Mwaka juzi nilimrekodi mjomba wangu kwa simu, jioni nne mfululizo, barazani kwake Bukoba. Katika vita vya Kagera alikuwa dereva wa Land Rover ya afisa mmoja mkubwa, na ukoo mzima tulikua tukiambiwa kwamba mjomba "alikaa na wakubwa". Jioni ya kwanza nikamuuliza swali ambalo leo nakusihi usilianze nalo: "Mjomba, yule mkubwa alikuwa mtu wa namna gani?" Akajiweka sawa kwenye kiti, akakohoa, akanihutubia. Shujaa, mzalendo, baba wa askari. Dakika arobaini za Siku ya Mashujaa. Nilizifuta zote.

Jioni ya pili, kwa bahati tu, tulianza kuzungumzia viatu. Akacheka peke yake kwanza. Kumbe mkubwa alikuwa na fangasi za miguu. Kila waliposimama alivua buti na kuanika soksi juu ya boneti, na kazi ya dereva ilikuwa kuzikumbuka kabla ya kuwasha gari. Siku moja alizisahau. Zilibaki kwenye barabara ya Lukaya, ile inayokatiza kinamasi, na Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, mkubwa aliingia mjini miguu ikiwa mitupu ndani ya buti. Hapo ndipo nilipomwona mtu, na mjomba naye nikamwona.

Kwa hiyo ukibahatika kuwa na mzee wa namna hii, muulize alichokishika kwa mikono. Chai ilichemshwa kwenye nini, nani alikuwa anaonja kwanza, mkubwa akikasirika alinyamaza au alifoka.

Tarehe nazo zipime, ila kwa adabu. Mjomba aliniapia kwamba ile hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978, ya uwezo, sababu na nia, aliisikia akiwa tayari amevaa gwanda. Lakini jioni ya tatu akaniambia mwenyewe kwamba aliitwa kutoka mgambo mwezi Desemba. Hakusema uongo. Hotuba ile imerudiwa redioni mara nyingi mno, mpaka imehamia ndani ya kumbukumbu zake na kujitafutia nafasi. Sikumbishia, niliandika yote mawili.

Baada ya hapo nikaanza kusoma vitabu vya wenzake wa mbali, watu waliowahudumia wakubwa wa kwingine, na kilichonishika ni cha Rochus Misch, aliyekuwa mlinzi wa Hitler na baadaye mpokea simu katika handaki la Berlin. Kilitoka kwa Kijerumani mwaka 2008, miaka mitano kabla hajafa. Misch alisimulia jinsi Magda Goebbels, mke wa waziri wa propaganda wa Hitler, alivyowachana nywele watoto wake sita pale alipokuwa akifanyia kazi, kisha akawapeleka kuuawa kwa sumu, na baadaye akakaa mezani kupanga karata peke yake. Nilifunga kitabu nikatoka nje. Hakuna mwanahistoria angeweza kubuni hizo karata.

Lakini Misch huyohuyo, ukimfikisha kwenye mauaji ya Wayahudi, anakwambia hakuna aliyeyazungumza mbele yake, na bosi wake anamkumbuka kama mtu wa kawaida tu. Hapa msomaji uwe macho. Kuwa mpole kwa anayekuletea simu hakumpunguzii mtu hata tone moja la damu aliyomwaga. Wapishi na madereva karibu wote huandika kwamba mkubwa alikuwa mwema kwao, na huenda ni kweli.

Tazama pia nani alikuwa anasikiliza. Heinz Linge, mtumishi wa Hitler, alihojiwa miaka kadhaa akiwa mfungwa wa Wasovieti, na maelezo yake yalitumika kutengeneza ripoti aliyokabidhiwa Stalin mwaka 1949. Baadaye, akiwa huru, alisimulia tena kwa ajili ya wasomaji. Mtu yuleyule, handaki lilelile, ila hadithi ya mwenye kuhojiwa haiwezi kufanana na ya mwenye kulipwa. Mimi kwa mjomba nilikuwa mpwa aliyemletea sukari kilo mbili, na hilo nalo limo ndani ya rekodi.

Ninayempenda zaidi ni Karari Njama, mwalimu wa shule aliyekuwa karani wa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya, kwenye misitu ya Nyandarua. Kitabu alichokiandika pamoja na Mmarekani mmoja, kikatoka mwaka 1966, hakimpambi kiongozi wake. Ugomvi wa msituni ameuandika waziwazi. Naye alikamatwa mwaka 1955, Kimathi mwaka uliofuata, kwa hiyo siku za mwisho za kiongozi wake hakuziona.

Jioni ya nne nilimuuliza mjomba: wakati wa kurudi, nyuma ya Land Rover mlipakia nini? Akatazama barabarani. Akamwita mjukuu amletee maji. Akayanywa yote, akaweka kikombe chini, akaniuliza kama mama yangu bado anaumwa magoti. Kwenye simu yangu zipo sekunde ishirini na mbili za nyenje na kikombe kinachogonga sakafu. Binamu yangu anayenisaidia kuhariri amezikata mara mbili, na mara mbili nimezirudisha.