Maswali ya Wasomaji: Ukili wa mikono miwili, msala mmoja

SWALI: Sisi ni ndugu wa tumbo moja. Mkubwa ameolewa Bagamoyo, mdogo yupo Ngamiani, Tanga. Kila wiki tunapelekeana kwa basi kazi ndogo ya mkono, pamoja na jambo moja la utamaduni ambalo mwenzako halijui. Sasa tunashona msala kwa ukili, yaani ukanda wa majani uliosukwa, wa sote wawili. Kila mmoja anasuka chane 13 (vipande vyembamba vya jani), lakini upana haulingani, na tukishona kazi inainuka pembeni. Tatizo liko wapi?

JIBU: Dada zetu, chane mmezihesabu, hamkuzipima. Ukili husukwa mshazari, na upana wake hutokana na idadi ya chane pamoja na upana wa kila uchane. Chane 13 za milimita 6 hutoa ukili wa sentimita 5 na nusu hivi. Chane 13 za milimita 7 hutoa karibu sentimita 6 na nusu. Milimita moja, ambayo jicho haliikamati wakati wa kupasua, imeshakuwa karibu sentimita nzima.

Tengenezeni kipimo kimoja cha kupasulia. Chukueni kibao kidogo, mkipigilie sindano mbili ngumu zilizoachana milimita 6, ncha zitokeze kidogo. Jani likivutwa juu yake hupasuka kwa upana uleule kila mara. Vibao viwe viwili, vitengenezwe na mtu mmoja siku moja, kimoja kipande basi. Kwanza ondoeni uti wa jani, na ncha mzikate pale jani linapoanza kuwa jembamba, maana uchane unaokonda mwishoni huufanya ukili nao ukonde.

Kuinuka pembeni ni jambo jingine, na chanzo chake ni maji. Ukindu, yaani majani ya mkindu mnayosukia, ukiwa mkavu huvunjika, kwa hiyo wengi huuloweka kabisa kisha wakasuka. Jani lililoshiba maji huvimba. Likikauka husinyaa, hasa kwa upana, na ukili uliokuwa umebana unabaki na nafasi. Ukili wa namna hiyo ukivutwa wakati wa kushona hurefuka, na shazia, sindano ya kushonea mikeka, ikishapita hujirudi. Jirani yake aliyebana hakurefuka, basi mmoja anamkunja mwenzake. Msiloweke: zifungeni chane ndani ya kitambaa kibichi kwa saa moja. Uchane ulio tayari hupinda bila kulia, na hauachi maji vidoleni. Ukishasuka, acha ukili ukae kivulini siku mbili, kisha usugue kwa chupa juu ya meza ndipo upime.

Kuunga chane nako kuna taratibu zake. Uchane mpya uingie sambamba na wa zamani kwa sentimita 4 hivi, ncha zote zibaki upande wa nyuma, na maungo yasikutane mahali pamoja. Chane tatu zikiungwa mstari mmoja, hapo ndipo ukili utakapokatikia. Ncha zipunguzwe baada ya kukauka, si kabla.

Kwa msala wa sentimita 70 kwa 120 mnahitaji vipande 12 vya ukili wa sentimita 5 na nusu, na taraza, ule ukanda wa ukingoni, ya sentimita 2 kila upande. Kateni kila kipande sentimita 130, zile kumi za ziada ni za kukunja miisho. Jumla ni mita 15 na nusu hivi, yaani pima 9 kwa kukadiria, kila mmoja asuke nne na nusu. Kabla ya mkasi kupita, fungeni uzi pande zote mbili za mahali pa kukata, la sivyo ukili utafumuka mbele ya macho yenu.

Vipande sita vya mkubwa na sita vya mdogo vipishane, kimoja kimoja. Mikono miwili haifanani hata ikipimwa, na vikipishana tofauti hutawanyika badala ya kukaa upande mmoja. Vishikizeni kwanza kwa mafundo madogo kila shubiri, ndipo mshone. Mshono wa kwanza ukienda kulia, wa pili uanzie kulia kurudi kushoto. Anayeshona kila mara kuelekea upande mmoja huvuta kazi yote, na msala hutoka umekaa upogo. Taraza iwe ya mwisho kabisa, na isivutwe: taraza iliyokazwa ndiyo inayokunja pembe za mikeka mingi iliyosukwa vizuri.

SWALI: Mkeka wangu mwekundu unaacha rangi kwenye nguo kila jasho likitoka. Nilipika ukindu kwa rangi ya unga ya dukani. Je, manjano ya jikoni nayo yanafaa? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Rangi yako imekaa juu ya jani, haikuingia. Ukindu una utelezi wa asili unaozuia maji, na ukitiwa mkavu kwenye rangi ya uvuguvugu hupakwa tu. Kwa robo kilo ya ukindu, loweka kwenye maji safi usiku kucha. Koroga unga wa rangi kwenye kikombe cha maji ya moto, uchuje kwa kitambaa, kwa sababu chembe zisizoyeyuka ndizo zinazoacha madoadoa. Mimina kwenye lita 5 za maji yanayochemka, tia ukindu ukiwa umelegezwa usifungane, na uache uchemke nusu saa huku ukiugeuza. Epua, uache upoe humohumo. Kisha suuza mpaka maji yatoke meupe, anika kivulini. Sufuria hiyo isirudi jikoni kwa chakula.

Chumvi husaidia baadhi ya rangi tu, na haifidii maji ambayo hayakuchemka. Kabla ya kusuka, futa uchane mmoja kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikishika rangi, rudia kusuuza. Mkeka ambao umeshashonwa ni vigumu kuuponya. Ufute kwa kitambaa kibichi mara kadhaa na kuutandikia shuka, basi.

Kuhusu manjano uliyoulizia: hushika vizuri lakini jua huyala upesi, yafaa kwa kazi ya ndani. Gome la mkoko hutoa wekundu wa kahawia unaodumu, ila mikoko ni hifadhi na haikatwi bila kibali.

SWALI: Nataka kushona foronya za mito kwa kanga. Nikate vipi nisipoteze jina, yale maneno yaliyoandikwa? (Msomaji, Dunda, Bagamoyo)

JIBU: Ifue kwanza kwa maji baridi, ikauke, uipige pasi. Kanga mpya ina wanga na husinyaa. Kisha pima jina lenyewe kabla ya kupima mto. Mara nyingi jina ni refu kuliko mto wa sentimita 45, na maneno yaliyokatwa katikati yanatia uchungu kuyatazama. Jina lipe takia refu, mji, yaani sehemu ya katikati, uwe wa mito ya mraba, na pindo lishone pembezoni. Acha sentimita 1 na nusu ya mshono kila upande.

SWALI: Ni sisi tena, wa Bagamoyo na Tanga. Wiki ijayo mmoja anakwenda Kaole, mwingine Tongoni. Tutazame nini ili tuwe na la kulinganisha?

JIBU: Mmechagua vizuri sana. Kaole iko kilomita 5 hivi kutoka Bagamoyo, Tongoni kilomita 17 hivi kusini mwa Tanga, njia ya Pangani. Kote mtakuta msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, na makaburi yenye nguzo. Tongoni ina makaburi zaidi ya 40, ingawa nguzo nyingi zimeanguka. Wareno waliijua sehemu hiyo kama Mtangata, na ni kwenye miamba yake baharia wao Vasco da Gama aliichoma meli yake São Rafael mwaka 1499.

Tafuteni vishimo vya mviringo kwenye nguzo na kuta za makaburi. Humo zilipachikwa bakuli na sahani zilizoletwa kwa jahazi kutoka ng'ambo, zikiwemo za kauri za Uchina. Nyingi hazipo tena, lakini alama ya kitako inaonekana wazi kwenye chokaa. Kila mmoja ahesabu vishimo kwenye kaburi moja, apime upana kwa shubiri bila kugusa ukuta, na achore mahali vilipo. Kaole kuna makumbusho madogo, humo mkubwa ataona vyombo vyenyewe. Nendeni asubuhi, mwanga ukiwa wa ubavuni, maana jua la utosini huficha nakshi za kingo za makaburi. Chukueni daftari la mistari ya mraba: kingo hizo zikichorwa mraba kwa mraba zinaingia kwenye taraza ya rangi mbili bila kubadilishwa.