Siku 90 za Schengen zinahesabiwaje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mhasibu, naishi Tabata, na katika miaka 26 ya kazi sijawahi kupata likizo ndefu. Kuanzia Januari tumekubaliana na mwajiri wangu niwe naingia ofisini siku mbili kwa wiki, mwaka mzima, isipokuwa nikiwa safarini. Naisubiri kwa hamu safari ya Ulaya. Machi 10 hadi Mei 18 nitakaa siku 45 Uholanzi kwa binti yangu na siku 25 Italia. Agosti 10 nataka nirudi Uholanzi kwa mwezi mmoja, maana mjukuu anatarajiwa mwishoni mwa mwezi huo. Nimeambiwa nikitoka hata siku moja nje ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, siku 90 za kukaa humo zinaanza upya. Ni kweli? Na huu mshahara uliopungua hautaniangusha?

JIBU: Shikamoo mama. Habari ya mjukuu ndiyo iliyonikalisha chini na kalenda, kwa sababu kwa tarehe ulizopanga ungelazimika kumwacha bado mchanga kabisa.

Aliyekuambia hesabu inaanza upya amekosea. Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na neno la kushika hapo ni “zozote”. Kila siku unayokuwa ndani ya eneo la Schengen, unarudi nyuma siku 180, hiyo ya leo ikiwemo, na kuhesabu umekuwa humo siku ngapi. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo inahesabiwa.

Sasa tupige yako. Machi siku 22, Aprili 30, Mei 18: jumla 70, umebakiza 20. Ukiingia Agosti 10, hizo 20 zinaisha Agosti 29, na Agosti 30 umeshazidisha. Lakini tazama kinachotokea Septemba 6. Siku hiyo Machi 10 inatoka kwenye hesabu, na kuanzia hapo kila siku mpya unayoongeza, moja ya zamani inadondoka. Kwa hiyo ukiingia Agosti 17, unafika 90 kamili Septemba 5, kisha unabaki palepale bila kupanda. Mimi ningekushauri uingie Agosti 20. Utaishia 87, na hizo siku tatu ni akiba yako, maana ndege ya Mei ikichelewa siku moja tu, hesabu ya Agosti 17 inaharibika yote.

Usitegemee kwamba mtu wa mpakani hataona. Tangu Oktoba 12, 2025 walianza kusajili alama za vidole na sura za wageni kwa kompyuta badala ya kugonga muhuri, na siku zinajihesabu zenyewe.

Hata hivyo, 90 ni kikomo cha juu tu. Kinachokubana kwanza ni stika ya viza yenyewe: tarehe zake, idadi ya siku ulizopewa, na mara ngapi unaruhusiwa kuingia. Ukipewa ya kuingia mara moja, safari ya Agosti itahitaji ombi jipya. Na ukitamani kupita London, hiyo ni viza nyingine kabisa, kwani Uingereza haimo Schengen.

Ombi lako linakwenda Uholanzi, hata kama ndege itakushusha Roma kwanza, kwa sababu huko ndiko utakakokaa siku nyingi zaidi. Dirisha linafunguka miezi 6 kabla ya safari na kufungwa siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila linaweza kufika 45, kwa hiyo usilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla ya viza. Ada ni euro 90. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na ifanye kazi nchi zote za Schengen.

Kuhusu mshahara, mama, usiufiche. Ofisa akiona kwenye taarifa ya benki kwamba kipato kimeshuka Januari na hakuna maelezo, atadhani umeacha kazi na huna cha kukurudisha Dar. Mwombe mwajiri barua inayosema umeajiriwa tangu lini, mmekubaliana siku mbili kwa wiki kuanzia lini, na tarehe ya kurudi kazi kamili. Ambatanisha hati ya nyumba au kiwanja kama unacho. Tafadhali sana, usiazime fedha za kujazia akaunti wiki moja kabla. Kiasi kikubwa kinachoingia ghafla kinaleta maswali mabaya kuliko salio dogo la kweli.

Binti naye aanze wiki hii kujaza fomu ya Uholanzi ya udhamini na malazi. Saini yake lazima ithibitishwe kwenye manispaa anakoishi, kisha akutumie nakala halisi, siyo picha ya simu.