Shangazi, namuuguza mama peke yangu na nimechoka

*Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 68. Mwaka juzi alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Mimi ndiye ninayemwogesha, kumlisha na kumgeuza usiku. Genge langu nimelifunga. Kaka zangu wawili wako Dar, wanatuma hela na kusema "Mungu atakulipa". Mgongo unaniuma, silali, na juzi nilimfokea mama kisha nikajifungia chumbani kulia. Je, ni dhambi kuchoka?*
*Binti wa Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Si dhambi hata kidogo. Mgonjwa wa kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na wewe unafanya hivyo peke yako usiku kucha. Nani asingechoka?

Kaka zako ukiwaambia "nisaidieni" watatuma hela tena. Mwombe mzee anayesikilizwa kwenu aitishe kikao. Ufike na ratiba ya mama: dawa saa ngapi, kugeuzwa, kufua, kliniki. Kisha taja siku. Mmoja aje kulala hapo Jumamosi na Jumapili, mwezi unaofuata aje mwenzake. Treni ya SGR kutoka Dar ni kama saa mbili tu. Najua watasema mwanamume hamwogeshi mama yake. Sawa, kuogesha wamlipe mama wa jirani anayeaminika. Kulisha, kugeuza na kukesha wanaweza.

Jambo ambalo sitaki uliahirishe: kapime presha wiki hii. Shinikizo la damu ndilo linaloongoza kuleta kiharusi, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Ikisoma 140/90 au zaidi, rudi ipimwe tena na umwone daktari. Siku hiyohiyo uliza idara ya fiziotherapia wakufundishe kumsogeza mama kwa shuka badala ya kumnyanyua kwa mgongo.

Hospitalini hapo tafuta afisa ustawi wa jamii. Sera ya wazee ya mwaka 2003 inatambua matibabu bure kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mwenyekiti wa mtaa atakueleza utaratibu wa kumtambulisha mama. Muulize pia kama mtaani kwenu kuna mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeweza kupita kumwangalia.

Hasira zikipanda, hakikisha mama yuko salama kitandani, toka nje, nawa uso, upumue. Baadaye mwombe radhi, atakuelewa. Ila huzuni ikizidi wiki mbili, chakula kikakataa, au ukaanza kutamani kufa, mwambie mtu siku hiyohiyo na uende hospitali. Huo ni ugonjwa na una tiba.

Siku kaka yako akishika zamu, usibaki pembeni kumsimamia. Nenda ukalale, au kafungue genge hata nusu siku. Baada ya kikao niandikie, nijue nani kashika wikiendi ipi. Wakikataa, tutatafuta njia nyingine pamoja.